Injini Inapopata Moto: Tahakiki ya Tafsiri Moja ya Mwongozo wa Trekta

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mbele ya maofisa wa istilahi, zinazosumbua zaidi si zile zenye maneno magumu. Neno gumu hujitangaza lenyewe: mfasiri akilifikia husimama, huuliza, hutafuta kamusi, au huandika barua. Kazi zinazosumbua ni zile zenye maneno mepesi ambayo kila mtu anadhani anayajua. Makala haya yanahusu kazi moja ya namna hiyo, nayo ni mswada wa tafsiri ya Kiswahili ya sura moja ya mwongozo wa trekta, yaani sura inayoeleza jinsi ya kutafuta hitilafu za injini. Tulipewa mswada huo tuupitie kabla haujapigwa chapa kwa ajili ya wakulima, madereva na mafundi wa Mkoa wa Mwanza na mikoa ya jirani. Jina la mfasiri hatulitaji, wala la ofisi iliyomtuma, kwani makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Ni makosa ya karibu sisi sote tunaofasiri maandishi ya ufundi.

Shabaha yetu ni kuonyesha jambo moja: kwamba katika maandishi ya namna hii istilahi ya dalili ina uzito kuliko istilahi ya kipuri. Kipuri kikitajwa kwa jina lisilozoeleka, fundi atakitambua kwa macho katika mchoro au katika injini yenyewe. Dalili haina mchoro. Ikitajwa vibaya, fundi hutumwa mahali pasipo na ugonjwa, na huko atafanya kazi kwa bidii na kwa uaminifu bila kupata chochote.

Trekta na mahali pake

Mwongozo wenyewe ni wa trekta la Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Lile linalotumia dizeli lina injini ya Perkins yenye silinda tatu. Aina hiyo iliacha kutengenezwa huko zamani, lakini matrekta ya namna hiyo hayafi upesi. Hubadilishwa pistoni, hubadilishwa ringi, huuzwa kwa mtu wa pili na wa tatu, na kuendelea kulima.

Matrekta si mageni katika Kanda ya Ziwa. Katika miaka ya 1960 ushirika wa wakulima wa pamba uliyaingiza katika mashamba ya pamoja ya Usukuma. Katika miaka ya 1980 yakaja ya Valmet kutoka Finland, yaliyounganishwa Kibaha. Na katika miaka ya 2010 yakaunganishwa huko huko Kibaha ya Ursus kutoka Poland. Kila aina ilikuja na kitabu chake na majina yake ya vipuri. Fundi aliyeyapokea yote, hata hivyo, alikuwa yule yule mmoja, na lugha aliyoitumia kumweleza mwanafunzi wake ilikuwa Kiswahili. Hili tutalirudia baadaye.

Ni vema pia msomaji akumbuke udongo wa huko. Wakulima wa Kisukuma huutenga udongo wao kwa majina kamili: luseni ni ule wa mchanga ulio mwepesi kwa jembe, itogolo ni ule wenye tabaka gumu chini, mbuga ni ule mweusi wa mabondeni. Mbuga ikikauka hupasuka na kuwa ngumu kama tofali. Ikilowa sana hunata katika jembe na magurudumu. Siku zinazofaa kuilima ziko kati ya hali hizo mbili, nazo ni chache. Trekta likisimama siku tatu katikati ya siku hizo, mkulima hajapoteza siku tatu tu; huenda amepoteza msimu. Hiyo ndiyo sababu inayotufanya tulichukulie neno moja katika mwongozo wa trekta kuwa ni jambo la kujadiliwa kwa makini.

Jaribio la mswada

Tuliona kwamba kuusoma mswada mezani hakutoshi. Kwa hiyo tuliuchukua hadi kwenye gereji moja ya Nyakato, mjini Mwanza, ambako kulikuwa na trekta la aina hiyo hiyo lililoletwa kutoka upande wa Misungwi. Mwenye trekta alilieleza tatizo lake kwa maneno haya: “Asubuhi linaamka vizuri kabisa. Likishapata moto linaanza kusumbua, linapoteza nguvu, halafu linazima. Ukiliacha lipumzike, linawaka tena kama halikuwa na kitu.”

Fundi kijana aliyekuwapo aliombwa ausome mswada na kuufuata. Aliyafunua makaratasi, akapata kifungu kilichoonekana kufanana na malalamiko hayo. Kifungu kilisema hivi: “Injini ikichemka na kukimbia kwa kukwaruza, kagua rejeta, mkanda wa feni na themostati.” Kijana akatii. Aliyamwaga maji ya rejeta, akaiosha kwa ndani na nje, akakaza mkanda wa feni, akaifungua themostati na kuijaribu katika sufuria ya maji ya moto. Kazi hiyo ilichukua siku nzima. Kesho yake trekta likapelekwa kujaribiwa katika shamba la karibu. Baada ya muda wa saa moja likaanza kusumbua, likazima.

Siku ya tatu alikuja fundi mzee ambaye gereji ile humheshimu. Hakuomba kuona makaratasi. Aliuliza swali moja tu: “Likianza kusumbua, maji yanachemka au hayachemki?” Akajibiwa kwamba hayachemki, na hata mshale wa joto hauvuki mahali pake. “Basi mnatafuta nini kwenye rejeta?” akasema. Akaagiza trekta liwashwe na lifanyishwe kazi mpaka ugonjwa uje wenyewe. Lilipoanza kukohoa, akapanda, akafungua mfuniko wa tangi la dizeli. Ikasikika sauti ya hewa ikivutwa kuingia tangini. Punde injini ikatulia na kuunguruma kama asubuhi.

Mfuniko wa asili ulikuwa umepotea. Mwenye trekta, kwa nia njema ya kuzuia vumbi, alikuwa ameweka mfuniko wa dumu na kuukaza kwa mpira wa tyubu. Mfuniko wa asili una tundu dogo la kupitisha hewa. Ule wa dumu hauna. Dizeli inapotumika, hapana budi hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi huwa kama chupa inayonyonywa, na hatimaye pampu hushindwa kuvuta. Trekta likipumzika, hewa hupenya kidogo kidogo pembeni mwa mpira, na kwa hiyo huwaka tena.

Kisa hiki kinafundisha nini katika istilahi? Kinafundisha kwamba ugonjwa ule haukuwa wa moto hata kidogo. Ulikuwa wa muda. Injini ilikuwa ikisumbua si kwa sababu imepata joto, bali kwa sababu imefanya kazi kwa saa moja; na kila injini iliyofanya kazi kwa saa moja imepata joto pia. Moto na muda vilikuwa vikitembea njia moja. Mwenye trekta, kama watu wengi, aliutaja ule uliokuwa rahisi kuhisiwa kwa mkono. Kosa lake linasameheka, kwa kuwa mgonjwa hadaiwi kujua jina la maradhi yake. Mwongozo ndio unaodaiwa kumsaidia fundi kuvitenganisha viwili hivyo. Mswada wetu haukuvitenganisha; uliongeza kitu cha tatu, kuchemka, ambacho hakikuwapo kabisa.

Neno “moto” na hali tatu za injini

Tulipolinganisha tafsiri na asili yake ya Kiingereza, tuliona chanzo cha kosa. Katika asili kuna vifungu viwili mbalimbali. Kimoja kinahusu injini inayozidi joto. Kingine kinahusu injini isiyotulia ikiwa imeshapata joto lake la kawaida la kazi. Kiingereza hutumia kivumishi kimoja kile kile kwa injini iliyofikia joto la kazi, kwa maji ya kuoga na kwa chai. Mfasiri akadhani kwamba vifungu hivyo viwili vinasema jambo moja kwa kurudia. Akatumia kitenzi kuchemka katika vyote viwili, kisha, kwa kupunguza maneno, akaviunganisha. Tiba za kifungu cha kwanza zikawa ndizo tiba za vyote, na tiba za kifungu cha pili zikatoweka.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote hapa. Madereva na mafundi wamekwisha kuzitenga hali tatu bila msaada wa baraza wala kamusi. Ya kwanza, injini ni ya baridi: haijawashwa, au imewashwa sasa hivi. Ya pili, injini imepata moto: imefikia joto lake la kazi, ambalo kwa injini nyingi za maji ni takriban nyuzi 80 hadi 90 za sentigredi, na ndilo joto inalopaswa kuwa nalo. Ya tatu, injini imechemka, au kama madereva wanavyosema, imechemsha: maji yake yamefikia kiwango cha kutoa mvuke, na hiyo ni hatari. Hali ya pili ni afya. Hali ya tatu ni maradhi. Neno linalozichanganya hali hizi mbili haliwezi kukubaliwa katika mwongozo wowote, hata likiwa fasaha namna gani.

Tunapendekeza basi istilahi hizi: kupata moto kwa kufikia joto la kazi, kuzidi moto kwa kupita joto hilo, na kuchemka kwa maji yanapotoa mvuke. Pamoja nazo tunapendekeza kirai kinachosahaulika daima, baada ya kufanya kazi kwa muda, kiwe kifungu cha pekee katika kila orodha ya dalili. Kirai hiki si istilahi kwa maana ya kamusi, lakini bila hicho trekta la Misungwi lisingepona kwa kitabu.

Hapa pana nukta nyingine inayohusu mahali. Mswada unasema kwamba maji ya rejeta huchemka yakifika nyuzi 100. Hiyo ni kweli pwani. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta wenye springi, unaoyaweka maji katika kanieneo kubwa zaidi, una umuhimu wa pekee huko. Springi yake ikilegea, injini ya Mwanza itachemka mapema kuliko ya Tanga. Mfasiri wa maandishi ya ufundi hana ruhusa ya kubadili asili apendavyo, lakini ana wajibu wa kuweka tanbihi pale ambapo asili iliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Neno “kukwaruza” na sauti za injini

Kosa la pili limo katika kitenzi kukimbia kwa kukwaruza. Asili inasema kwamba injini haiendi kwa ulaini. Mfasiri alichukua kinyume cha ulaini kama kinavyofahamika katika ubao au ngozi, akapata kukwaruza. Fundi anayesoma neno hilo hufikiri chuma kinasugua chuma, yaani beringi zimekwisha au mafuta ya kulainisha yamepungua. Tulimwuliza fundi mzee angefanya nini akiambiwa kwamba injini inakwaruza. Alijibu: “Mwalimu, ningeizima hapo hapo na kuifungua yote.” Kufungua injini nzima kwa sababu ya mfuniko wa dumu!

Lugha ya gereji ina maneno kadhaa kwa kile ambacho asili inakitaja kwa kivumishi kimoja, na kila neno linaelekeza mahali pake. Injini inamisi, silinda moja inapokosa kuwaka kwa zamu yake. Mafundi huangalia nozeli na mgandamizo wa silinda hiyo. Injini inakohoa, mafuta yanapofika kwa kukatika-katika. Huangaliwa chujio, mabomba na tangi. Injini inapanda na kushuka yenyewe bila mguu wa dereva. Hushukiwa hewa iliyoingia katika njia ya dizeli, au gavana. Injini inagonga, inapotoa sauti ya nyundo. Huangaliwa muda wa kupuliza dizeli, au hitilafu ya pistoni na beringi. Na injini inaishiwa nguvu bila sauti yoyote ya ajabu. Hapo mara nyingi ni njaa tu, ya dizeli au ya hewa.

Tuna hakika kwamba baadhi ya wasomaji watashtushwa na kumisi. Ni neno la kukopa, tena la mitaani. Mfasiri alilijua, na katika ukingo wa ukurasa alikuwa ameliandika kwa kalamu kisha akalikata. Tunaelewa haya iliyomfanya alikate, lakini hatukubaliani nayo. Neno hilo limekwisha kuingia katika sarufi yetu: inamisi, imemisi, iliyokuwa ikimisi. Lina maana moja tu, na maana hiyo haiingiliani na ya neno jingine lolote. Sifa hizo mbili ndizo tunazozitafuta katika istilahi. Mwenye kuona kwamba linahitaji maelezo na aandike “kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka” mahali pa kwanza linapotokea, kisha aendelee nalo.

Pampu mbili, chujio moja

Kosa la tatu ni la kutokuwa na msimamo. Katika kurasa chache tu, kipuri kimoja kinaitwa chujio, kichujio na filta. Msomaji wa fasihi hufurahia visawe; fundi husumbuka navyo, kwa kuwa huamini kwamba majina matatu ni vitu vitatu. Tulimwona kijana wa Nyakato akitafuta kichujio baada ya kuwa ameshalifungua chujio.

Baya zaidi ni kwamba vitu viwili vimepewa jina moja. Injini ya dizeli ya aina hii ina pampu mbili. Ndogo huvuta dizeli kutoka tangini na kuipeleka mbele. Kubwa hugawa dizeli kwa kila nozeli kwa zamu na kwa nguvu nyingi. Mswada unaziita zote mbili pampu ya mafuta, na mahali pamoja pampu ya mafuta ni ile ya mafuta ya kulainisha, ambayo ni ya tatu! Tunapendekeza pampu ya kuvutia, pampu ya kugawia na pampu ya kulainishia. Majina haya yanafuata kazi ya kifaa, wala si jina lililopendwa na kiwanda. Ndiyo maana tulitaja awali matrekta ya Uingereza, Finland na Poland: viwanda hubadilika na vitabu vyao hubadilika, bali kazi ya kuvuta ni kuvuta, na ya kugawa ni kugawa.

Tofauti hii si ya urembo. Iko hitilafu nyingine ambayo kweli ni ya moto, nayo imo katika pampu ya kugawia. Dizeli ikipata joto huwa nyepesi zaidi. Pampu ya kugawia ikiwa imechakaa, dizeli nyepesi hupenya ndani kwa ndani badala ya kwenda kwenye nozeli. Trekta la namna hiyo huwaka vizuri asubuhi, hudhoofika likipata moto, na likizimwa adhuhuri hukataa kuwaka mpaka lipoe. Mafundi huijaribu kwa kuifunika pampu kitambaa kilicholoweshwa. Ikipoa na injini ikapata nguvu, mwenye maradhi amejulikana. Mswada unaposema tu “poza pampu ya mafuta,” ni pampu ipi ipozwe?

Ziko nyingine za moto wa kweli. Nafasi ya valvu ikiwa ndogo mno, chuma hurefuka kwa joto, valvu haikai sawasawa katika kiti chake, na mgandamizo hupotea. Ufa katika kichwa cha silinda huweza kufumba katika baridi na kufumbuka katika joto. Na katika injini za petroli, waya wa ndani wa koili huweza kukatika ukipata moto na kugusana tena ukipoa. Zote hizi zimo katika asili, chini ya kile kifungu kilichounganishwa na kupotea.

Tahadhari hutangulia amri

Kosa la nne si la neno bali la mpangilio, nalo ndilo linaloweza kumuumiza mtu. Mswada unasema: “Fungua mfuniko wa rejeta ili kuangalia kiasi cha maji. Injini ikiwa imechemka, mvuke unaweza kuruka na kuunguza.” Katika chumba cha kusomea sentensi hizi mbili hazina kasoro. Katika gereji mmoja husoma kwa sauti na mwingine hutenda. Aliposikia “Fungua mfuniko,” msaidizi alikuwa tayari ameushika. Bahati nzuri injini ilikuwa baridi.

Vivyo hivyo kwa kutafuta silinda inayomisi. Asili inaeleza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma: ile isiyobadilisha sauti inapolegezwa ndiyo yenye kasoro. Dizeli itokayo hapo huwa na nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha lake, hata likionekana kama tundu la sindano, ni la kupelekwa hospitali mara moja. Mswada unalisema hili katika mstari wa mwisho wa ukurasa.

Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi: tahadhari hutangulia amri, na katazo hutangulia ruhusa. “Usifungue mfuniko wa rejeta kabla injini haijapoa. Ikishapoa, ufungue uangalie maji.” “Weka mkono na uso mbali na bomba. Kisha legeza nati.”

Sifa za mswada na pingamizi moja

Haingekuwa haki kutaja kasoro peke yake. Mfasiri ametumia mpango wa dalili, chanzo na tiba, ambao kila Mswahili ameuzoea kutoka kwa mganga na hospitali. Ni mpango bora kuliko ule wa asili. Vipimo vyote amevinakili bila kosa. Upatanisho wa kisarufi ni safi, na hakuna mahali alipobuni neno pale lilipokuwapo. Mtu wa namna hii akisaidiwa atafika mbali.

Pingamizi tunalolitarajia ni hili: ikiwa tutakubali kila neno la gereji, usanifishaji utakuwa na kazi gani? Mafundi wa Mwanza, wa Dar es Salaam na wa Mombasa hawasemi sawa. Baraza likifuata kila mmoja litaishia kuwa soko. Pingamizi hili lina nguvu. Kipo hata kielelezo chake: shule zetu husema kanieneo, hospitali husema shinikizo, gereji husema presha, na dhana ni moja. Sisi hatusemi kwamba neno la gereji likubaliwe kwa sababu limetoka gereji. Tunasema lipewe mtihani ule ule unaopewa neno lililobuniwa ofisini: je, lina maana moja? Je, linatenga kitu ambacho mtendaji anahitaji kukitenga? Mkulima wa Kisukuma hakuutenga udongo wa luseni na wa mbuga kwa kupenda majina. Aliutenga kwa sababu jembe lilimlazimisha. Neno linalofaulu mtihani huo lisanifishwe. Lisilofaulu liachwe, ama liwe limetoka mtaani au mezani kwetu.

Hitimisho

Vijitabu vya Tafsiri Sanifu, ambavyo Baraza la Kiswahili la Taifa lilianza kuvitoa katika miaka ya 1970, vilitufundisha kuwa na jina moja kwa kitu kimoja. Fundisho hilo lingali sahihi. Mswada huu umetuonyesha kwamba tuna deni la pili: kuwa na jina moja kwa dalili moja. Tumekuwa hodari wa kuorodhesha nomino, na vitenzi tumewaachia wenye mikono michafu.

Tumemrudishia mfasiri mswada pamoja na mapendekezo haya, na ushauri kwamba kabla haujapigwa chapa usomwe kwa sauti mbele ya injini iliyo wagonjwani, si mbele ya kamati peke yake. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wazee. Lakini anayeyaita mawingu kwa jina la moshi atakimbilia ndoo badala ya jembe.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, mabwana shamba na mafundi wa mikoa yote watuletee orodha za maneno wanayoyatumia kwa sauti, mitetemo, moshi na harufu za injini, kila neno pamoja na maelezo ya lile ambalo fundi hulitafuta anapolisikia. Neno lisilo na maelezo hayo halitatusaidia. Kuhusu trekta la Misungwi, lilitobolewa mfuniko wake kwa msumari, likawekewa kibomba kilichopindwa ili vumbi lisiingie, likarudi mbugani siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa bado haijakolea.